Lita Tano

Candiru alikodisha hofu kwa ukurasa:
nusu kabalagala, au kipande cha sabuni
ukubwa wa kidole gumba. Mkopo hapana.
Daftari lilikuwa la hesabu, jalada limeliwa na mende,
na juu yake, kwa herufi zinazochuruzika:
MPISHI ASIYE NA KICHWA.

Kichwa anacho, kusema kweli. Amekibeba kwapani.
Hukitumia kama mwiko.
Anakoroga posho ya wasichana mia nne,
pua inachomoka, chubwi! ndani ya maharagwe,
na atakayeikuta sahanini
ndiye anayefuata.

Sisi tuliokula maharagwe yale yale saa moja jioni
tulijibana saba kitanda cha chini,
kurunzi moja, betri zimeanikwa juani mchana kutwa,
shuka juu, jasho chini.
Zubeda wa Bombo ndiye aliyesoma
maana sauti yake ilikuwa nzito na hakuwa na haya.
Aliposoma utumbo umejikunjua kama kamba ya kuanikia nguo
tuling'ata mito tusicheke.
Aliposoma jicho limebingirika hadi bweni letu, likapiga hodi,
mtu fulani alijikojolea. Simtaji.
Shuka langu nililifua mwenyewe alfajiri.

Na damu! Candiru hakuwa bahili wa damu.
Ilipanda ngazi. Ilipanga foleni bwaloni na sahani yake.
Ilivuka soko la Arua ikateremka hadi mto Enyau,
samaki wakaota magego.

Mwalimu Onzima wa biolojia alilinasa Jumanne,
ndani ya Agano Jipya la Ayikoru.
Siku tatu tukangoja fimbo.
Ijumaa likarudi na wino mwekundu mahali pamoja tu:
"Binadamu ana damu lita tano. Wewe umemwaga ndoo saba. Sahihisha."
Chini yake, kwa mwandiko mdogo, kama wa mtu mwingine:
"Pua ilipatikana?"

Candiru hakusahihisha. Aliongeza ndoo.

Muhula uliofuata Ayikoru alichelewa wiki tatu,
akaja amenyolewa nywele.
Mama yake alifia hospitali, wodi ya wanawake, mchana.
Hapakuwa na tone sakafuni.
Alitoka tu, alisema Ayikoru,
kama mtu anayeondoka katikati ya ibada,
viatu mkononi, asisumbue wengine.

Tukalificha daftari. Tulidhani ni adabu.
Akalitafuta mwenyewe chini ya godoro langu,
akalipa kabalagala nzima,
akamwambia Candiru:
"Huyu wa sehemu ya tisa, aliyekatwa vipande kumi na viwili,
mwamshe. Avikusanye mwenyewe.
Akikosea akaweka mguu penye mkono, sawa tu.
Lakini aamke. Na apige kelele."

Usiku wa pili Zubeda akasoma.
Maiti anajishona kwa uzi wa magunia,
goti limegeukia nyuma, sikio liko kisogoni,
anaingia jikoni na yowe la kupasua masufuria,
anamfikia Mpishi uso kwa kwapa,
anaomba chumvi.

Ayikoru ndiye aliyeanza kucheka,
kicheko kibaya, cha bati linalokokotwa juu ya mawe,
na humo humo ndani ya kicheko akalia,
kimoja kisimpishe kingine.
Sisi sita tulishika pembe za shuka
hadi betri zikafa.

Siku hizi kazi yangu ni kutoa watu damu, mfuko kwa mfuko,
na kuibandika majina.
Mwalimu alisema kweli. Ni tano tu.
Huwa naziangalia pale kwenye jokofu, zimelala kimya,
natamani mmoja wao upande ngazi.

Pua, Mwalimu, hadi leo haijapatikana.